Hata Nyoka Halazwi na Jiko

Mwezi Julai nilipewa kazi ya maneno 2,500: namna ya kupasha joto sanduku la chatu wa kufugwa bila kumuunguza nyoka wala kuchoma nyumba. Mteja yuko Marekani, ana tovuti ya wanyama wa nyumbani, analipa kwa neno, na hajui kwamba anayemwandikia yuko Ruring'u, Nyeri, amevaa soksi mbili juu ya mbili na blanketi mabegani kama mzee wa baraza. Wengi wenu mnaijua hiyo kazi. Nusu ya mbogi yangu iliyoacha chuo njiani inaishi kwayo. Leo unaandika kuhusu bima ya meno ya watu usiowajua, kesho kapeti za Texas, keshokutwa nyoka.

Ni huyo nyoka aliyeniudhi. Si yeye hasa, maskini, yeye hana kosa. Kilichoniudhi ni hesabu yake.

Sikiliza anavyotunzwa. Chatu anayefugwa sana huko ni yule mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa. Kwao ni kuanzia Senegal hadi huku Uganda, kwa hiyo ni Mwafrika mwenzetu aliyefanikiwa kupata viza. Mwili wake haujitengenezei joto la kutosha. Bila joto la nje hawezi hata kusaga panya aliyemeza. Basi sanduku lake lazima liwe na pande mbili, upande wa joto wa nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi wa nyuzi 24 hadi 27 hivi, ili achague mwenyewe. Kila upande uwe na kipimajoto chake, maana mkono wa binadamu haupimi, unakisia tu. Na kitu chochote kinachotoa joto, kiwe balbu, kiwe mkeka wa umeme chini ya sanduku, lazima kiungwe kwenye themostati, kile kidude kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha likipungua. Mkeka usio na themostati unaweza kuchoma tumbo la nyoka, kupasua kioo, au kuwasha moto sakafuni. Balbu ikiwa ndani iwekewe kizimba cha waya, kwa sababu nyoka atajizungusha juu yake na hataondoka upesi hata akiungua. Kile kipashajoto cha kauri kisichotoa mwanga kitiwe kwenye soketi ya kauri, maana ya plastiki inayeyuka. Yale mawe ya umeme ya kulaliwa, yaliyokuwa yakiuzwa sana zamani, yatupwe. Na sanduku liwe na matundu ya hewa. Hilo la hewa wanalirudia mpaka unachoka.

Nilisoma kurasa nyingi sana, za Wamarekani na Waingereza, za wafugaji na za madaktari wa wanyama. Wanabishana kuhusu kila kitu: balbu au mkeka, mchana na usiku, unyevu kiasi gani. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema: mletee makaa, funga mlango, atazoea.

Kabla mtu hajaniandikia kuniuliza kama anaweza kufuga chatu Nyeri, jibu ni fupi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumweka nyoka chumbani kama paka. Unahitaji kibali cha KWS, na hawatakipa kijana wa bedsita anayetaka video za TikTok. Pia stima yetu unaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ililala gizani, na siku nyingine ni transfoma ya mtaa tu inayoamua kupumzika. Chatu wa watu angekufa kwa baridi kabla hujapigiwa simu na emajensi. Tuna nyoka wetu. Kuna mmoja mdogo wa jamii ya kifutu anayeishi juu kwenye nyasi za Mlima Kenya na Nyandarua, zaidi ya mita 2,700, mahali penye umande wa barafu asubuhi. Usiku anajificha chini ya mashungi ya nyasi, jua likitoka naye anatoka. Hahitaji balbu. Kuna mwingine wa vichaka vya huku mlimani, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1968, na anatafutwa sana na wakusanyaji wa nje hivi kwamba Kenya ilienda Johannesburg mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, kuomba biashara yake idhibitiwe. Waacheni walipo.

Nyoka wa mlima wanajua kukaa na baridi. Wasiojua ni vifaranga na watu. Na hapa ndipo ninapotaka kugombana.

Nyeri mjini ni zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Nanyuki ni zaidi ya 1,900. Kuanzia Juni hadi Agosti jua linaweza kupotea wiki nzima, ukungu unashuka, na usiku joto linaweza kuteremka chini ya nyuzi 10. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza hivyo kila mwaka, na kila mwaka tunashangaa kama wageni. Msimu huohuo ndio wale walimu wa biashara wa mtandaoni wanakuja na somo lao: kijana, acha kulia kazi, anza na vifaranga 100, hata kwa bedsita inawezekana. Joto je? Wanasema jiko linatosha. Mmoja nimemwona kwa macho yangu kwenye simu, amevaa gamuti safi, anaonyesha jiko jekundu katikati ya boksi za katoni kwenye chumba kisicho na dirisha lililofunguliwa, anasema kwa sauti ya mchungaji, "Hapa gharama ni ndogo, faida ni kubwa."

Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi mbili tatu kila wiki. Hilo ni karibu sawa na upande wa joto wa chatu. Tofauti ni kwamba chatu amewekewa kipimajoto, kifaranga amewekewa Mungu. Anayemfuga anaambiwa aangalie: wakikusanyika pamoja wana baridi, wakitawanyika mbali na moto na kufungua midomo wana joto. Ni kweli, hiyo ni alama nzuri, wakulima wazuri wanaitumia. Lakini nani anaangalia saa nane usiku? Anaangalia aliyeamua kulala palepale chumbani, kando ya jiko, ili asipoteze hela aliyokopa kwa simu. Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake analala na jiko, anza hapo. Analinda mtaji.

Sasa kuhusu hayo makaa. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hayaungui sawasawa, na badala ya kutoa kaboni dayoksaidi peke yake yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Unadhani ni malaria, au ni zile chupa za jana. Ukiwa umelala huoni hata hayo. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege mdogo kwenye kizimba, kwa sababu ndege analegea kabla ya mtu, na waliendelea hivyo mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo yule jamaa wa vifaranga 100 kwenye bedsita ana ndege 100 wa kumpa onyo, ila wote wanalala saa moja naye.

Mtaani nimeambiwa mambo mengi kuhusu jinsi ya kuituliza hiyo gesi. Kwamba makaa yakishakuwa mekundu kabisa, yasiyo na moshi, hayana madhara. Kwamba ukiweka sufuria ya maji juu yake, maji yanaimeza. Kwamba jiko la udongo, lile lililobuniwa hapa Kenya miaka ya 1980, ni salama kuliko la bati tupu. Yote si kweli. Moshi ukiisha gesi haijaisha. Hiyo ndiyo hila yake. Maji hayaimezi kwa kiasi cha kukuokoa. Na jiko la udongo liliundwa kupunguza makaa, na limefanya kazi hiyo vizuri sana, lakini makaa machache kwenye chumba kilichofungwa bado ni makaa kwenye chumba kilichofungwa.

Unajua kinachofuata, umeshakisoma. Familia imekutwa asubuhi. Jirani alivunja mlango. Jiko lilikuwa katikati ya chumba. Kisha afisa fulani anasimama mbele ya maikrofoni: wananchi wametakiwa kuwa waangalifu. Chini yake watu wanaandika kwamba bado kuna wajinga karne hii, na mmoja anaongeza kwamba watu wa mlima wamezoea baridi, jiko la nini?

Hiyo lugha ya ujinga ndiyo siikubali. Chukua ile makala yangu ya nyoka. Fikiria sanduku limeshika moto na chatu amekufa. Hakuna mtu atakayesema nyoka alikuwa mjinga. Watauliza nani aliuza mkeka usio na themostati, nani alitengeneza soketi ya plastiki, mbona sanduku halina matundu. Maswali yote yanamwendea aliyejenga. Mpangaji wa Nyeri akifa, maswali yote yanamwendea maiti.

Na hoja inayoniudhi zaidi ni ile ya wazee: "Sisi tulilala na moto tangu zamani, mbona hatukufa?" Shosho yangu wa Othaya huisema kila akiniona nikitetemeka, na simjibu vibaya kwa sababu ni shosho. Lakini twende pole pole. Nyumba ya Kikuyu ya zamani ilikuwa na mawe matatu katikati na moto juu yake, ndiyo. Paa lilikuwa la nyasi. Moshi ulipenya kwenye nyasi, ukatoka chini ya paa pande zote, na ile nyumba ukiitazama kutoka mbali asubuhi ilikuwa ikifuka kama kichwa cha mtu aliyetoka kuoga maji moto. Ilikuwa inapumua. Hata jiko la shosho la leo, kile kibanda cha mbao nyuma ya nyumba kubwa, kina nafasi baina ya ubao na ubao unapoweza kupitisha kidole, na kati ya ukuta na mabati pana uwazi wa kupita paka. Ukuta ni mweusi ti kwa masizi, macho yanamtoka machozi, mapafu yake hayakushukuru, lakini gesi ilipata njia.

Mlowezi naye hakuwa mjinga kuhusu baridi ya huku. Alipojijengea nyumba yake ya mawe alijua Nyeri si Mombasa, akaweka mahali pa moto ukutani na dohani juu ya paa. Nyumba kadhaa za namna hiyo bado zipo. Ukipita barabara ya Nanyuki unaziona, nyingine zimegeuzwa shule au hoteli. Alijenga dohani kwake. Kwa vibarua wake hakujenga, hilo nalo tuliseme.

Kwa hiyo babu wa babu yangu alikuwa na njia ya hewa. Mlowezi alikuwa nayo. Aliyekuja baadaye, akamwaga zege, akaweka slabu juu ya slabu, akakata vyumba vya futi kumi kwa kumi, akaweka dirisha moja la chuma na mlango wa chuma, ndiye aliyeiondoa. Kisha akachora tangazo kwenye korido kwa rangi nyekundu: USIPIKE NA MAKAA NDANI. Asante sana. Na mimi nikikosa hela ya gesi nipike wapi, kwenye ngazi?

Kwenye ploti moja niliyowahi kukaa nilimwuliza keyateka mbona hakuna tundu juu ya dirisha, nikiona kabisa alama ya mraba ambapo lilikuwa. Akasema wapangaji wa kwanza walilalamika baridi inaingia, basi mwenye nyumba akaleta fundi akaziba kwa simiti. Mtu analalamika baridi, dawa yake ni simiti. Hakufikiria dari, hakufikiria dirisha lisilovuja upepo, hakufikiria hata kuambia watu. Alifikiria mfuko mmoja wa simiti.

Najua wapangaji nao huziba. Magazeti kwenye matundu, gunia chini ya mlango, kitambaa kwenye ule ufa wa dirisha. Huziba kwa sababu chumba hakina kinga nyingine yoyote dhidi ya baridi. Ukuta wa jiwe tupu lisilopigwa plasta nje, bati lisilo na dari kwa orofa ya juu, sakafu ya simiti. Chumba kama hicho kinakulazimisha uchague kati ya joto na hewa, na saa tisa usiku na mtoto anayekohoa, kila mzazi atachagua joto. Uingereza, nchi ya baridi kweli kweli, tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kisheria kuweka kengele ya gesi hii kwenye chumba chenye jiko la kuni au makaa ya mawe. Hawakumwachia mpangaji asome mabango. Sisi tulikaa na kanuni za ujenzi za 1968 mpaka tukapata mpya ya 2024, na zote zinakubali kwamba mtu anayelala ndani anahitaji hewa. Sasa mpe afisa wa ujenzi wa kaunti ngazi, apande aangalie juu ya dirisha. Haichukui dakika mbili kwa chumba.

"Lakini stima ni ghali." Sawa, tuhesabu. Balbu nyekundu ya vifaranga ni wati 250. Ikiwaka mchana na usiku inakula yuniti 6 kwa siku. Tuseme yuniti ni shilingi 25, hiyo ni 150 kwa siku, na kwa wiki tatu ni 3,150. Kwa mtu wa vifaranga 100 hiyo ni pesa, sitamdharau. Kipashajoto cha chatu ni wati 80 hivi, na hata kisipozimwa na themostati hakifikishi yuniti 2 kwa siku. Ndiyo maana nasema hesabu ya nyoka iliniudhi. Yeye anatumia kidogo kuliko kuku wetu kwa sababu sanduku lake linashika joto na kidude kinazima kisipohitajika. Siri iko kwenye sanduku kuliko kwenye moto.

Na hilo tunaweza kulifanya bila mzungu. Kuna wakulima wa huku ambao hawawashi chochote. Wanatengeneza sanduku lenye kuta mbili, katikati wanashindilia nyasi kavu, chini wanaweka maranda, juu wanafunika na blanketi lenye upenyo wa hewa, na vifaranga ishirini na kitu wanapashana joto wenyewe kwa miili yao. Usiku wa baridi kali unaongeza mtungi wa plastiki wa maji moto uliofungwa kwa sweta kuukuu, upande mmoja tu, ili anayetaka asogee na asiyetaka akae mbali. Pande mbili, kama chatu. Ukitia kipimajoto ndani, hata kile cha bei rahisi, umeshampita yule mwalimu wa gamuti safi. Vifaranga 100 basi ni masanduku manne, na si lazima yawe kwenye chumba unacholala.

Kwa watu ni vilevile. Jiko liwashwe nje, lipike nje, libaki nje, hata likiwa limebakisha majivu tu na kakaa kamoja. Maji yachemshwe, yatiwe kwenye chupa ya mpira au hata ya soda nzito, ifungwe kitambaa, iingie kitandani kabla yako. Ukiamka kichwa kinauma na mwenzako chumbani pia kinamuuma, usitafute Panadol kwanza. Fungua mlango, tokeni nje wote, mbebeni mtoto hata kama amelala vizuri, halafu mtafute hospitali na mseme wazi kwamba kulikuwa na jiko.

Na kabla hujahamia ploti mpya Kamakwa, Skuta, Karatina, popote, usiangalie tu kama maji yanatoka na kama WiFi inashika. Inua macho juu ya dirisha. Kama kuna mraba wa simiti mpya, mwambie keyateka uufunguliwe uwekewe wavu wa mbu, na umwambie mbele ya mpangaji mwingine ili iwe vigumu kusahau. Mwezi wa tano ndio wa kuuliza, mafundi wakiwa bado hawana kazi nyingi.